Shule Nyumbani au Shule Darasani? Habari za Miaka ya Korona

Muhula uliopita Chama chetu cha Majadiliano kilipewa hoja hii: kwamba wakati wa maradhi ya kuambukiza, uamuzi wa mtoto kusoma nyumbani au kwenda shuleni ni wa mzazi, si wa Serikali. Mimi nilikuwa miongoni mwa wasemaji, nami nilipewa dakika saba. Dakika saba hazitoshi kulimenya jambo hili hata nusu, kwa hiyo nimemwomba Mhariri nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili ili nilieleze kwa urefu, si kwa kushindana tena bali kwa kujifunza. Wenzetu wa vidato vya chini walikuwa watoto wadogo miaka ile; wengi wakumbuka barakoa na likizo isiyokwisha, basi. Wanafunzi wetu wa zamani, kwa upande wao, wengi walikuwa wazazi tayari, na uamuzi huo ulilala mezani mwao kila usiku.

Kwanza na tuziweke tarehe mahali pake. Tarehe 18 Machi 2020 Rais alitangaza kwamba shule zote zifungwe, na tarehe 20 zikafungwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Uganda alikuwa hajathibitishwa bado. Habari zake zilitoka tarehe 21. Ilisemwa kuwa ni kwa mwezi mmoja. Wanafunzi kama milioni 15 walikwenda makwao na masanduku yao. Tarehe 15 Oktoba 2020 yaliitwa madarasa ya watahiniwa, yaani darasa la saba, kidato cha nne na kidato cha sita, pamoja na wale wa mwaka wa mwisho vyuoni. Mwaka 2021 madarasa mengine yakaanza kuitwa moja baada ya jingine, lakini kabla wadogo hawajafikiwa wimbi la pili la maradhi likaingia, na tarehe 7 Juni 2021 shule zikafungwa tena kwa siku 42. Siku hizo 42 zikawa miezi saba. Milango ilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022, na siku ile barabara za Kampala zilisongamana magodoro na masanduku hata askari wa barabarani wakachoka kupiga filimbi. Shirika la UNESCO lilihesabu majuma 83 ya kufungwa, kote au kwa sehemu. Hapana nchi duniani iliyofunga shule zake muda mrefu zaidi.

Jirani zetu hawakufanya hivyo. Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi 2020. Kidato cha sita na vyuo vikuu wakarudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni mwaka huo huo. Kenya iliyarudisha madarasa matatu tarehe 12 Oktoba 2020, na yaliyobaki tarehe 4 Januari 2021. Basi fikirini hali ya pale Mutukula, mpakani. Mzazi wa upande wa Tanzania alimpeleka mtoto wake mdogo darasani Julai 2020. Jirani yake wa upande wa Uganda, anayenunua chumvi katika duka lile lile, alingoja mwaka mmoja na nusu zaidi. Siandiki haya ili kuamua nani alipatia. Nataka kuonyesha tu kwamba hoja yetu ya majadiliano ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, maana ilisema kana kwamba mzazi wa Uganda alikuwa na milango miwili mbele yake na kazi yake ni kuchagua. Kwa muda mwingi mlango mmoja ulikuwa na kufuli. Lililobaki mikononi mwake lilikuwa hili: humo nyumbani, asome namna gani, na nani? Kisha, ulipofunguliwa mlango wa pili kwa baadhi ya watoto, ndipo uchaguzi wa kweli ukaja, nao ulikuwa mchungu.

Kumfundisha mtoto nyumbani kwa chombo si jambo jipya lililoletwa na Korona. Mwaka 1937 mji wa Chicago, Marekani, ulipatwa na maradhi ya polio wakati shule zilipokuwa karibu kufunguliwa. Wakubwa wa elimu wakaahirisha kufungua, na tangu tarehe 13 Septemba wakafundisha kwa redio. Vituo sita vilitoa nafasi bure. Kila somo lilikuwa la dakika 15, na magazeti yalichapa asubuhi ratiba pamoja na maswali ya kazi. Watoto kama 315,000, wa darasa la tatu hadi la nane, walikuwa wanafunzi wa shule hiyo ya hewani. Tena kulikuwa na simu: mzazi aliyekwama aliweza kupiga na kuongea na mwalimu, na wapigaji walikuwa wengi mno hata ikabidi walimu wa kupokea simu waongezwe. Jambo hili la simu nawaomba mlishike, maana nitalirudia. Hata hivyo shule ya redio ya Chicago ilidumu majuma machache tu, na hata kwa majuma hayo machache walionekana watoto walioachwa nyuma, yaani wale waliokuwa wakihitaji msaada zaidi tangu zamani.

Huku kwetu vyombo vilikuwa vitatu vinne. Kulikuwa na masomo ya redio na televisheni. Kulikuwa na vijitabu vya masomo ya nyumbani vilivyochapwa na Serikali, ambavyo viligawiwa kupitia kwa wenyeviti wa mitaa, na masomo yaliyochapwa ndani ya magazeti. Na kwa shule zilizoweza, kulikuwa na masomo kwa intaneti, mwalimu akionekana usoni kwenye simu au kompyuta.

Sasa ni lazima niwaeleze Nsambya, kwa wale wanaoisoma habari hii wakiwa mbali. Kilima chetu kimekuwa cha misheni tangu mapadri wa Mill Hill walipofika mwaka 1895, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko hapa tangu 1903. Lakini kilima si kanisa na hospitali tu. Iko kambi kubwa ya polisi, ambayo ndiyo sababu mtoto wa Nsambya husikia Kiswahili kabla hajakifundishwa. Ziko nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Kando ya barabara ya Ggaba ziko nyumba za wenye nafasi, zenye kuta ndefu na mageti ya chuma; na ukiteremka bondeni, kuelekea Kabalagala au Katwe, wako wapangaji wa chumba kimoja kimoja, jikoni ni kizingitini na bafu ni la watu wote. Umbali wa kutoka geti la chuma hadi chumba cha mpangaji si dakika kumi kwa miguu. Lakini miaka ile ungeweza kusema ni nchi mbili.

Katika nyumba za geti mtoto alikaa mbele ya kompyuta saa mbili asubuhi, akaitwa jina lake na mwalimu, akaulizwa, akajibu. Katika nyumba za kambi, askari wengi walikuwa na televisheni. Mtoto alitazama somo la sayansi, na mama akipita na beseni alimkemea asibadilishe chaneli. Katika chumba cha mpangaji kulikuwa na redio ya betri au redio ndani ya simu ndogo ya vibonyezo, na simu hiyo ilitoka na baba asubuhi. Wale waliokuwa na simu kubwa walilipa ili waitumie: hadi mwisho wa Juni 2021 ilikuwapo kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye WhatsApp na mitandao ya namna hiyo, na ilipoondolewa ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe. Siku za uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Hata mtoto wa geti la chuma siku zile alikuwa sawa na sisi.

Wasemaji wengi katika majadiliano yetu waliishia hapo: mwenye chombo alisoma, asiye na chombo hakusoma. Mimi nasema kuwa hiyo ni nusu tu ya habari, tena si nusu iliyo kubwa. Redio husema, haisikii. Mtoto aweza kuandika kwamba robo na robo ni sita, redio ikaendelea na somo lake kwa sauti ya upole, naye akaamini hesabu yake mwaka mzima. Chombo kilichokosekana katika nyumba nyingi hakikuwa redio. Ilikuwa kalamu nyekundu.

Nitatoa mfano wa jirani zetu, bila kumtaja mtu. Alikuwapo mwalimu mmoja mwanamume wa shule ya msingi ya binafsi, ambaye, kama maelfu ya walimu wa shule za binafsi nchini, mshahara wake ulikatika mara shule ilipofungwa. Wenzake wengine waliingia katika boda-boda, wengine wakauza mboga. Wazazi wa mtaani walimwomba akusanye watoto barazani awafundishe. Alikataa, kwa kuwa kukusanyika kulikatazwa na askari walikuwa hatua chache tu. Badala yake alisema: "Wasikilize redio, wafanye kazi, kisha mniletee madaftari." Kila Ijumaa mchana, kabla ya saa ya kafyu, mtoto mmoja mkubwa alipita nyumba kwa nyumba na kikapu, akakusanya madaftari na kuyaweka dirishani pake. Jumapili yalirudi yamesahihishwa, na pembeni ya kosa pameandikwa njia ya kulitengeneza. Hakufundisha somo hata moja. Alisahihisha tu. Malipo yalikuwa shilingi 1,000 kwa daftari, au mkungu mdogo wa matoke, au sabuni, au ahadi.

Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la pili shule zilipofungwa, daftari lake lilikuwa ndani ya kikapu hicho. Mtoto wa nyumba ya pili, wa darasa lile lile, alikuwa na televisheni, na simu kubwa ya shangazi yake juu ya hiyo, lakini hakuwa na wa kumwambia "hapa umekosa." Januari 2022 wote walipandishwa darasa bila mtihani, kama ilivyoamriwa nchi nzima. Mmoja alisoma ubaoni. Mwingine alikuwa akikisia maneno kwa kutazama picha. Najua kwamba watoto wawili si ushahidi. Lakini shirika la Uwezo lilipopima watoto wa darasa la tatu hadi la saba mwaka 2021, liliona jambo ambalo kwanza huonekana kama kitendawili. Wasioweza kusoma kabisa, ambao mwaka 2018 walikuwa kama 6 katika kila 100, walifika karibu 12. Na papo hapo wale walioweza kusoma na kuielewa hadithi ya kiwango cha darasa la pili nao waliongezeka, kutoka kama 32 katika 100 hadi kama 39. Yaani likizo ile ndefu haikuwashusha wote pamoja. Wako walioketi na mtu wa kuwasaidia wakapanda, wako walioketi na ukuta wakashuka. Mimi naona kikapu cha Ijumaa ndani ya hesabu hizo, ingawa Uwezo hawakukiandika.

Turudi kwenye uchaguzi wenyewe, ule wa Oktoba 2020. Mimi nilikuwa darasa la saba, basi nyumbani kwetu ulijadiliwa nami nikiwa nyuma ya pazia. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ungefanywa, nasi watahiniwa tulikuwa karibu 750,000 nchi nzima. Baba alikuwa dereva wa taksi. Taksi zilisimamishwa tarehe 25 Machi 2020, na zilipoachiliwa Juni zilichukua nusu ya abiria tu, kwa hiyo fedha ya nyumbani ilikuwa nusu pia, au pungufu. Tulikaa vyumba viwili, na katika kimoja alilala bibi yetu, ambaye sote twamwita Jjajja, mwenye maradhi ya shinikizo la damu. Kila mtu alikwisha kujua kwamba Korona huwaua wazee kuliko watoto.

Baba alisema mtihani haumngoji mtu, na miezi saba ya redio haikutosha kwa hesabu za darasa la saba. Mama alisema madarasa yako mengi lakini Jjajja ni mmoja. Bwenini ningeweza kukaa bila kuleta maradhi nyumbani, ila ada ya bweni ilikuwa juu ya uwezo wetu, na godoro na ndoo na barakoa za ziada pia zilihitaji kununuliwa. Shule ya kutwa ilikuwa nafuu, lakini kila jioni ningerudi na pumzi za wenzangu hamsini. Kubaki nyumbani kulikuwa bure, na hatari yake haikuonekana kwa macho: hakuna aliyejua kama mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeukosa mtihani angerudi tena, au angekwenda na maji.

Usiku wa tatu waliamua. Mimi ningekwenda shule ya kutwa, na Jjajja angepelekwa Mityana kwa shangazi mpaka mtihani upite. Jjajja alikasirika sana. Alisema yeye hakuwa mgonjwa na hakuwa mtahiniwa, mbona ndiye anayefukuzwa? Alikwenda na kuku wake mmoja katika kikapu na hakumuaga Baba. Mtihani tuliufanya tarehe 30 na 31 Machi 2021, tumekaa mbali mbali, na Jjajja akarudi siku ya Pasaka, tarehe 4 Aprili. Kuku hakurudi.

Nimeyasema haya kwa kuwa katika majadiliano yetu ilisemwa mara nyingi kwamba mzazi mwema huchagua "lililo bora kwa mtoto." Nyumba yetu haikuchagua hivyo. Ilitazama nani atalipa: mtoto kwa mwaka wake, au mzee kwa uhai wake, au baba kwa deni, kisha ikatafuta malipo ambayo yangeweza kurudishwa. Jjajja aliweza kurudishwa. Kwa nyumba nyingine hesabu ilikuwa tofauti, na hapo simlaumu mzazi aliyemzuia mtoto wake. Jirani mmoja alikuwa na kijana mwenye ugonjwa wa selimundu. Alimweka nyumbani mwaka mzima, akakaa naye yeye mwenyewe na vitabu kila jioni, na hata leo nasema alifanya vizuri. Uzito ni katika yale maneno mawili, "akakaa naye." Aliyemzuia mtoto kisha akamwachia redio na mdogo wake wa kulea, huyo hakuchagua shule ya nyumbani. Alichagua kutokuwa na shule, bila kujua.

Januari 2022 uchaguzi wa tatu ukaja, nao sikusikia ukijadiliwa na mtu: kurudi, au kutorudi kabisa. Mwaka 2021 Halmashauri ya Mipango ya Taifa ilikisia kwamba kama asilimia 30 ya wanafunzi wasingerudi, na kwamba shule zaidi ya 4,000 huenda zisifunguke. Serikali iliwaruhusu wasichana wajawazito na wale wanaonyonyesha waingie madarasani. Baadhi waliingia, wengine waliona haya. Katika darasa letu la saba tulikuwapo wavulana wanne tuliokwenda pamoja kila asubuhi. Mmoja sasa hukaanga chapati na mayai karibu na Kabalagala, naye ni hodari, hutoa rolex moja kwa dakika mbili. Ukimwuliza habari za shule hukujibu kwa kukuongezea nyanya.

Wala msidhani ni mambo yaliyokwisha. Novemba 2022, kwa sababu ya Ebola iliyoanzia Mubende Septemba ya mwaka huo, shule zote nchini zilifungwa tarehe 25, majuma mawili kabla ya wakati. Wanafunzi kadhaa walikuwa wameambukizwa na wanane walikwisha kufa. Safari hii kufunga kulikuwa kwa muda mfupi, nasi tulipewa karatasi za kazi tuondoke nazo. Mama alizigeuza mbele na nyuma, akauliza kama zitakusanywa na nani, na lini.

Chama chetu kinataka kuandika, kwa faida ya maktaba ya shule, namna mitaa ya Kampala na miji mingine ilivyosahihisha kazi za watoto miaka ile: kwa kikapu, kwa picha za simu, kwa kaka aliye chuoni, kwa sista au katekista, kwa njia yoyote. Wanafunzi wa zamani waliokuwa walimu au wazazi mwaka 2020 na 2021 twawaomba watuandikie kupitia kwa Mhariri, wakitaja mtaa, idadi ya watoto, na malipo yaliyotolewa, hata kama yalikuwa matoke.